Cheni Aliyotuma Kaka

4 Machi

Kaka yangu,

Salamu zikukute huko ghalani ukiwa mzima, na kile kikohozi cha vumbi la maboksi kiwe kimekuacha. Sisi huku tunasukuma siku. Watoto wamepanda darasa. Mdogo bado anaandika saba kinyume na hataki kusahihishwa, amekufuata wewe. Kuku wanataga vizuri tangu nibadilishe chakula, ila jogoo wa jirani amehamia kwangu bila ruhusa na sasa anatembea uani kama baba mwenye nyumba.

Mama anakusalimu. Yuko kitandani, na hapo ndipo nilipotaka kufika, ila soma hadi mwisho kabla hujashika simu. Tena usiishike kabisa. Mama huiweka spika hata akiongea na mtu aliyekosea namba, na sitaki haya yazungumzwe mbele yake. Ndiyo maana nakuandikia na kumpa Breki akuletee kwenye lori lake.

Juzi shemeji yako alikuwa anampeleka Mama kliniki ya macho, na mbele yake amefunga trei za mayai ya kushusha dukani. Kwenye mteremko wa kinu cha kusaga, cheni ya pikipiki ikakatika. Laiti ingekatika tu wakasimama. Ilijiviringa kwenye spoketi ya mbele, lile duara la meno linaloivuta, gurudumu la nyuma likakaba ghafla, na pikipiki ikawabwaga wote wawili. Mama amevunjika mguu, juu kidogo ya kifundo. Wamemfunga plasta hadi karibu na goti. Shemeji yako amechunika mkono na bega lake limevimba. Mayai sitaki kuyazungumzia.

Daktari anasema mfupa utaunga, lakini pole pole, kwa sababu ya umri. Mama halalamikii mguu. Analalamika kwamba nimemtandikia lile shuka ulilomletea safari ile, anasema litachakaa bure. Nimelirudisha.

Fundi anasema cheni hukatika, ndiyo kazi ya cheni. Shemeji yako anasema hivyo hivyo na haongezi neno. Nami nakuuliza wewe unayeishi katikati ya spea: tununue cheni gani? Bila pikipiki mayai hayafiki dukani, na mayai yasipofika dukani, nyumba hii haina kingine cha kuishika.

Mdogo wako,
Mama Kuku

15 Machi

Mama Kuku wangu,

Barua imefika, ila kona moja ya bahasha ilikuwa imebanduka. Nimemuuliza Breki, akaniambia ni unyevu, kisha akaongeza kwamba hata hivyo mwandiko wako hausomeki. Safari ijayo bandika gundi ya maana.

Mimi mzima. Mpangaji wa chumba cha pili amenunua redio na sasa nalala na taarifa ya habari. Mpe Mama pole zangu. Mwambie nitakuja, na usiniulize lini.

Sasa tuongee. Unaniandikia kwamba cheni imekatika na kuniuliza mnunue ipi, kana kwamba hakuna kitu kilichowahi kutoka kwangu. Novemba nilimpa Breki boksi. Ndani yake mlikuwa na cheni mpya na spoketi zake zote mbili. Niliichagua rafuni kwa mkono wangu, nikalinganisha namba na ile ya pikipiki yenu, nikahesabu pingili. Cheni ile ni nzito, imetengenezwa kwa pikipiki zinazobeba mtu na mzigo. Haikatiki kabla hata haijazoea barabara.

Kwa hiyo kabla ya kukuambia mnunue nini, nataka kujua kilichokatika ni nini. Nani aliifunga? Aliifunga wapi, nawe ulikuwepo? Spoketi zilibadilishwa pamoja nayo? Maana kuna watu huvisha cheni mpya juu ya meno yaliyoliwa, na meno hayo huitafuna mpya mpaka ifanane nayo. Mtu wa namna hiyo hastahili kupewa hata baiskeli.

Nitumie kipande kilichokatika. Usimwagize mtu mwingine, kifunge mwenyewe na umkabidhi Breki mkononi. Na pikipiki isitoke hapo nyumbani mpaka nikujibu.

Shemeji anasemaje? Hukuniambia. Umesema tu haongezi neno.

Kaka yako

29 Machi

Kaka,

Tumshukuru Mungu, Mama sasa anakaa kitako na kuagiza watu kazi kama zamani. Watoto wamechora maua kwenye plasta yake na yeye anajifanya hajaona.

Kipande ndicho hicho, nimekifunga kwenye gunia la chakula cha kuku. Usiniulize nilivyokipata. Basi, nitakuambia. Nilimwomba shemeji yako, akasema ametupa. Nikamwuliza ametupa wapi, akasema hakumbuki. Asubuhi nafagia banda, nikakikuta nyuma ya ndoo za maji, kimefunikwa na maranda. Mtu hafuniki takataka, Kaka. Ila bado sijamwambia kwamba nimekiona.

Ulitaka kujua kama nilikuwepo cheni ilipofungwa. Sikuwepo. Pikipiki huwa anaitengeneza mwenyewe, mimi nina kuku zaidi ya mia wa kuangalia. Boksi lako nilisikia limefika, nikasikia na shukrani zake, nikadhani yamekwisha.

Na mimi niulize, kwa kuwa tumeanza kuulizana. Una hakika na hilo ghala? Wewe mwenyewe ulinisimulia jinsi siku hizi boksi zuri linavyoweza kubeba takataka, alama ya kiwanda ikachapwa na mtu nyuma ya nyumba yake. Sisemi kwamba ulitutumia cheni ya bandia. Nasema una hakika? Maana naona swali lako la kwanza limekuja huku kwetu moja kwa moja, halikuzunguka hata kidogo hapo ulipo.

Mama amenikataza kabisa kuongea habari za cheni. Anasema ajali ni ajali, na maneno mengi hayaungi mfupa.

Mama Kuku

12 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini watoto na Mama hawajambo. Ghala letu nina hakika nalo, na sikukasirika. Nilikasirika kidogo.

Kipande nimekiweka mezani, nikakiosha kwa mafuta ya taa na kukikagua mpaka macho yakauma. Dada, hii siyo cheni niliyotuma. Ile yangu, kila bamba la pingili limegongwa alama ya kiwanda na namba, ukipitisha kidole unaisikia. Hiki hakina alama yoyote. Hii ni ile ile ya zamani, iliyokuja na pikipiki.

Na ilishakufa siku nyingi. Pini zimeliwa hadi zimekuwa nyembamba katikati. Pingili nyingine zimeganda kwa kutu, hazikunjiki. Ukikishika kwa ubavu kinalegea huku na huku, na cheni nzima haifanyi hivyo. Tena mtu ameipunguza: ilipozidi kurefuka na gurudumu likawa halina pa kurudi nyuma zaidi, akatoa pingili, akaunganisha upya ili aendelee kuitumia. Na kwenye kiungo alichounganisha, klipu, kile kibanio kinachofunga kiungo, ameivisha kinyume. Ule upande uliozibwa ndio unatakiwa kutangulia cheni inapokimbia, mdomo ufuate nyuma, ili kitu kikigusa kisiifungue. Yeye ameugeuza. Ilitokea tu kwamba pini ndiyo iliyowahi kukatika kabla klipu haijafyatuka.

Mtu hafanyi ufundi wote huo wa kufufua maiti wakati ana cheni mpya ndani ya boksi. Anafanya hivyo kama boksi halipo tena.

Breki nimembana. Ameapa alimkabidhi shemeji mkononi, mlangoni kwenu, na shemeji akampa maneno matamu ya shukrani aniletee. Kwa hiyo boksi lilifika. Lilikwenda wapi baada ya hapo, waulize walioko huko.

Sitatuma nyingine. Nikituma, nayo itapita njia ile ile. Mwambie shemeji amkabidhi Mama ufunguo wa pikipiki, mpaka atakaponieleza, na anieleze mimi.

Kaka yako

27 Aprili

Kaka,

Nakuandikia nimekaa stoo kwenye gunia la pumba, kwa hiyo mwandiko ukiwa mbaya mwambie Breki asinicheke.

Nilimuuliza. Nilingoja watoto waende shule, nikamwekea chai, nikamuuliza kama cheni ya kaka yangu aliipokea.

"Niliipokea."

"Iko wapi?"

"Ipo."

"Ipo wapi?"

Akazungusha kikombe, akasema, "Mama watoto, niulize jambo lingine lolote." Kisha akaenda kuwawekea kuku maji, ingawa nilikuwa nimeshawawekea.

Ufunguo nao nilimwambia kama ulivyoagiza. Hakubisha. Alikwenda chumbani kwa Mama, akainama na kumpa kwa mikono miwili, kama anavyompa kila kitu. Unajua anavyomheshimu Mama, tangu amuoe binti yake hajawahi kukaa kiti kimoja naye. Mama akaupokea, akageukia ukutani na kulia. Nikadhani ni mguu.

Nimepekua nyumba nzima. Stoo, darini, chini ya kitanda chetu, kwenye mapipa ya chakula. Nimepekua na mifuko ya mume wangu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, na nikakuta vifungo viwili na peremende ya mtoto. Kuna kijana pale kinuni pikipiki yake ina cheni mpya inayong'aa. Kaka, niliinama pale uwanjani nikijifanya nafunga kiatu, nikasoma bamba kwa bamba. Alama haikuwa yako. Mwenyewe akatokea, akaniuliza kama nataka kumnunulia mume wangu ya namna hiyo. Nilitamani ardhi inimeze.

Sasa mume wangu anabeba magunia hapo hapo kinuni, na bega lile bovu. Mayai napeleka kwa miguu, na duka la karibu na stendi limeshatafuta mtu mwingine wa kulipelekea. Nyumbani tunaongea habari za kuku tu. Namtazama akilala, najiuliza nimelala na nani miaka yote hii. Yeye akinikamata namtazama, anatabasamu kama mtu anayeomba radhi, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Mama kila nikianza anasema, mwacheni kijana wa watu. Anampendelea kupita kiasi.

Mama Kuku

10 Mei

Mama Kuku,

Salamu kwa wote, na kwa Mama mara mbili. Nimefurahi kusikia wiki zinapita na mfupa unaunga.

Sitazunguka. Mtu akikuambia umuulize jambo lingine lolote, ujue jambo ndilo hilo hilo. Ameiuza. Amemuuzia nani na fedha amezipeleka kwa nani, hilo utalijua wewe uliye karibu, na nadhani umeshaanza kulijua ndiyo maana unaandikia stoo. Aliuza kitu kilichotumwa kulinda migongo yenu, akavisha kamba ya kutu, na juu yake akampandisha mama yangu. Yangekuwa makosa ya mtu asiyejua, ningesamehe. Huyu alijua, maana alikaa chini akaipunguza.

Pikipiki niliinunua mimi. Mwisho wa mwezi Breki atapita na lori tupu, aipakie. Nitaiuza huku na nitawatafutia njia nyingine ya kufikisha mayai. Wewe na watoto na Mama mkitaka kuja kukaa kwangu kwa muda, chumba ni kidogo lakini mlango upo.

Najua utaniona mkali. Kama nimemkosea, ana mdomo. Nimekaa nangoja neno lake tangu Machi, na hadi leo hajanitumia hata salamu.

Kaka

2 Juni

Kaka,

Leo sina salamu ndefu. Watoto wazima, Mama anatembelea magongo.

Barua yako ya mwisho niliiacha wazi mezani. Sikuisahau, niliiacha. Nilitaka aisome ili aongee, hata kama ni kwa hasira. Aliisoma amesimama. Akaikunja vizuri kwenye mikunjo yake ile ile, akairudisha mahali pake. Hapo ndipo nilipomwita mwizi. Nilimwita mbele ya watoto. Alichukua koti na sufuria moja, akawaaga wao mmoja mmoja, nami akaniambia chakula cha kuku kinakwisha siku mbili zijazo. Akaondoka.

Breki alikuja Jumamosi. Yeye na utingo wake walikuwa wameshaweka ubao na pikipiki iko nusu ya njia kuingia kwenye lori, Mama akatoka. Hajawahi kutoka mwenyewe hadi barazani tangu avunjike. Amesimama kwenye magongo, kanga imemwanguka begani, akasema, "Teremsheni hiyo pikipiki. Boksi ninalo mimi."

Nilidhani dawa zimemchanganya. Akaniita chumbani na kunipa ufunguo wa sanduku lake. Unalijua sanduku hilo. Shuka lako liko humo, vikombe vya maua tulivyokatazwa kunywea viko humo, na chini kabisa, limezungushiwa kitambaa cha gauni ambacho hajawahi kukishona, boksi lako. Nailoni haijatoboka. Cheni inang'aa, spoketi zote mbili zipo, grisi ya kiwandani haijakauka.

Ilikuwa hivi. Siku Breki alipolileta, shemeji yako alimwonyesha Mama kwa furaha. Mama akaipapasa, akasema kitu kizuri namna hii kimetoka kwa mwanangu, kikapakwe matope, na ile ya zamani bado inazunguka? Ikiisha ndipo uje uichukue. Shemeji yako akampa. Angemnyima vipi mama mkwe? Baadaye alirudi kuiomba kwa adabu, akaambiwa bado. Akarudi tena, akamweleza kwamba ile ya zamani ni hatari, na Mama akamuuliza kama anataka kumaliza kila kitu kinachotoka kwa mwanawe. Baada ya neno hilo hakuiomba tena. Alitoa pingili, akaunganisha, akaendelea.

Na siku ile, wakiwa wamelala kwenye vumbi na watu hawajafika, Mama alimshika ukosi wa shati akamwambia wanawe wasijue. Akasema, sawa Mama.

Mama alinihadithia haya Breki amesimama dirishani, hakujali. Analia, anasema alidhani maneno yatapoa yenyewe. Kila barua ilipokuja alijua inahusu nini, na kila mara alijiambia ataongea kesho.

Nasikia mume wangu yuko machimbo ya mawe ng'ambo ya daraja, anavunja kokoto na bega lile. Sijui nimwendee na uso gani.

Mama Kuku

14 Juni

Dada yangu,

Breki alinisimulia yote kabla hajanipa bahasha. Nilikaa kwenye ngazi ya lori nikaifungua.

Unavikumbuka viatu vyangu vyeusi vya shule? Vilikaa sandukuni vikisubiri vya zamani viishe, na vilipotolewa, mguu ulikuwa umeshavipita. Wewe ulikuwa na rinda la njano, likaishia kwa mtoto wa jirani. Mimi na wewe tulilijua sanduku hilo kabla hatujajua kusoma. Tukamshuku Breki. Wewe ukalishuku ghala langu. Ukapekua mpaka mapipa ya pumba, na chumba cha Mama hukukigusa, wala mimi sikukuambia ukiguse. Tukamkamata yule mmoja humo ndani ambaye hakuzaliwa na sisi. Naona aibu, na sijui niipeleke wapi.

Pikipiki ni yake. Siyo ya kuazima wala ya kunitunzia, nitaibadilisha iwe kwa jina lake. Akirudi, aifunge cheni ile, na Mama akisema ingoje, mwambieni nimekataa mimi. Spoketi zibadilishwe zote mbili siku hiyo hiyo, asiache hata moja ya zamani kwa kuihurumia. Klipu iwe mpya, hiyo iliyomo kwenye boksi, upande uliozibwa utangulie. Asiikaze kama waya wa nguo, iache icheze kidogo katikati, maana mtu akikaa na mzigo ukipanda, inajivuta yenyewe. Baada ya siku chache za kazi aitazame tena, mpya hulegea mwanzoni. Na siku ikianza kuchoka asitoe pingili kamwe, wala asiiungie kipande cha nyingine, aniambie.

Nenda machimboni. Kisha niandikie kila kitu: amesema nini, uso wake ukoje, amenikasirikia kiasi gani. Usinifiche hata moja. Nisipojua sitalala.

Kaka yako

1 Julai

Kaka yangu,

Salamu kutoka kwa wote. Plasta imetolewa, mguu wa Mama umekonda lakini umenyooka. Jogoo wa jirani amerudishwa kwao, ametoroka, amerudi.

Nilikwenda machimboni. Nilimkuta amechuchumaa kwenye kokoto, mwili mzima mweupe kwa vumbi, nikampita mara ya kwanza bila kumjua. Aliponiona hakusimama. Aliuliza kwanza kama Mama ameanza kukanyaga. Nikamwambia kila kitu pale pale, watu wanasikia, kwa kuwa na mimi nilimtukana watu wakisikia. Mama alikuwa amenituma nimwambie amemfungua na ahadi yake. Aliposikia hilo aliweka nyundo chini.

Amerudi. Boksi alilifungua Mama mwenyewe, hakutaka mtu alishike, ingawa boksi tupu amelirudisha sandukuni na tumemwacha. Cheni imefungwa kama ulivyoelekeza, nilikuwepo, na nilikagua klipu kwa macho yangu. Pikipiki inakwenda kimya, mayai yanafika mazima. Lile duka la karibu na stendi bado halijaturudia.

Sasa lile uliloniomba. Tukiwa njiani kutoka machimboni nilimuuliza kwa nini hakuniambia hata mimi, mkewe, chumbani kwetu, kwa sauti ya chini. Akasema, "Ningekuambia, ungemwandikia kaka yako."

Nilitembea naye mpaka tukavuka daraja. Ni kweli, ningekuandikia. Ningechukua kalamu kabla chai haijapoa. Kila alilosema na kila alilonyamazia tangu Machi ulilipata wewe, na yeye hakuipata nafasi hata moja ya kuwa na mke peke yake.

Kwa hiyo, Kaka, mengine aliyosema siku ile sikuandikii, wala uso wake ulivyokuwa. Nitakuandikia habari za Mama, za watoto na za kuku, kama kawaida, na nitazisubiri zako. Za mume wangu hazitatoka tena kwangu. Ukitaka kujua amekukasirikia kiasi gani, muulize. Ni miaka mingi sasa ni shemeji yako, anajua kusoma, na hujawahi kumwandikia hata mstari mmoja.

Mdogo wako akupendaye